Mteja Anauliza Bei, Tovuti Inamjibu Dira

Mtu anatafuta kitanda cha mninga, 5 kwa 6. Yuko ndani ya daladala inayotoka Gongo la Mboto, simu mkononi, bando la siku limebaki kidogo. Anaingia kwenye tovuti ya watengenezaji wa samani akiwa na maswali ambayo mnunuzi yeyote wa kitanda huwa nayo: shilingi ngapi, mbao ni mninga kweli au ni msonobari uliopakwa rangi, kipo tayari au mpaka kiagizwe, mnafikisha mpaka nyumbani, na karakana yenyewe iko wapi. Ukurasa unafunguka taratibu. Inatokea picha kubwa ya jengo la vioo ambalo haliko Dar es Salaam, inapisha picha ya watu waliovaa suti wakishikana mikono, kisha yanakuja maneno "Karibu kwenye tovuti yetu". Anashuka chini kwa kidole. Anakuta Dira. Anakuta Dhamira. Anakuta Maadili ya Msingi, na ujumbe wa Mkurugenzi Mtendaji. Vitanda vipo, vimepigwa picha vizuri, na chini ya kila kimoja pameandikwa "Wasiliana nasi kwa bei". Anafunga ukurasa. Jioni atashuka karibu na Keko, atasimama kwa fundi wa kwanza aliyepanga vitanda vyake kando ya barabara, na ndani ya dakika mbili atakuwa amejibiwa yote matano.

Fundi yule hana tovuti, lakini anajua jambo moja ambalo wenye tovuti wengi wamelisahau: aliyesimama mbele yako amekuja na swali, na biashara inaanza pale swali lile linapojibiwa. Hoja yangu ni hiyo. Tovuti ya biashara ipimwe kwa wepesi na ukamilifu wa majibu inayompa mgeni wake. Rangi, picha, aina ya herufi, historia ya kampuni, vyote vina haki ya kuwepo pale vinapolisaidia jibu, au angalau visipolizuia. Najua inasikika kama jambo la wazi mno kuandikiwa makala. Hata hivyo tovuti nyingi za biashara zetu hazikujengwa hivyo, na chanzo ninakiona kwenye kikao cha kwanza kabisa. Siku tovuti inapoagizwa, wanaokaa mezani ni wawili: mwenye biashara anayelipa na fundi wa tovuti anayelipwa. Mwenye biashara anataka ukubwa wa kampuni yake uonekane. Fundi anataka kumridhisha anayemlipa. Mgeni, ambaye kazi yote inafanywa kwa ajili yake, hayupo, na hakuna anayemsemea. Ndiyo maana kinachotoka hapo ni tovuti inayomtazama mwenye mali usoni na kumpa mteja kisogo.

Jinsi watu wanavyosoma mtandaoni inajulikana kitambo. Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mmoja wa watafiti wa mwanzo wa matumizi ya tovuti, alieleza kwamba katika majaribio yake asilimia 79 ya washiriki walipitisha macho juu juu walipofungua ukurasa mpya, na asilimia 16 tu ndio waliosoma neno kwa neno. Hao walikuwa wamekaa kwenye viti, mbele ya kompyuta za mezani. Wateja wetu wengi leo wanatazama kioo cha upana wa kiganja, juani, konda akidai nauli. Mgeni wa namna hiyo hasomi, anatafuta. Jicho lake linawinda tarakimu, jina la mtaa, neno "bei". Asipoviona katika pitio la kwanza hawazi kwamba huenda viko chini zaidi. Anahesabu kwamba havipo.

Nianze na bei, kwa kuwa hapo ndipo ugonjwa ulipokomaa. Maneno "bei njoo inboksi" yamekuwa desturi ya biashara ya mtandaoni kuanzia Kariakoo hadi Mwanza, na tovuti nazo zimeyarithi kwa lugha ya adabu zaidi: "omba bei", "wasiliana na kitengo cha mauzo". Wenye biashara wana sababu zao na si za kubeza. Wanasema mshindani ataiona bei na kuishusha. Wanasema bei zinabadilika, mbao hupanda, dola hupanda, na aliyeiona ya mwezi uliopita ataleta ugomvi. Wanasema mteja akija kuuliza, wanapata nafasi ya kuzungumza naye na kumshawishi. Na wapo wanaosema wazi kwamba kwetu bei ni mazungumzo, kwa hiyo kuibandika ni kuua kunadi na kupatana.

Tuzitazame moja moja. Mshindani aliye mtaa wa pili anaijua bei yako tayari. Kumtuma mtu aje kuuliza kama mnunuzi hakumgharimu chochote. Anayeikosa ni mteja peke yake. Kuhusu bei kubadilika, kalamu inayoandika bei ndiyo inayoandika tarehe: "Kuanzia shilingi kadhaa, bei ya mwezi huu". Msomaji wa Kiswahili analielewa neno "kuanzia" vizuri sana, na hatashangaa kuambiwa kwamba droo zikiongezwa bei inaongezeka. Kuhusu nafasi ya kumshawishi, nakubali kwamba mazungumzo huuza. Lakini anayepiga simu akiwa ameshaona kiwango chake ni mnunuzi, na anayepiga kuuliza bei tu anaweza kuwa yeyote. Muuzaji anayeshinda akijibu "shilingi ngapi" mara hamsini kwa siku anakosa muda wa kumhudumia yule aliyekwisha kuamua. Tena kupatana hakuuawi na bei iliyoandikwa. Kunaanzia hapo. Muuzaji wa jumla anaweza kuweka bei ya rejareja na kusema kwamba anayechukua dazeni apige simu, na kila mmoja atajua mahali pake.

Kuna jambo zito zaidi katika bei iliyofichwa, nalo ni imani. Kila mtu aliyekulia katika masoko yetu anajua kwamba bei hutajwa baada ya mnunuzi kuangaliwa: viatu vyake, lafudhi yake, kama amekuja na gari. Anapoona "wasiliana nasi kwa bei" anasoma kitu ambacho mwandishi hakukusudia: kwamba atapimwa kwanza, kisha apangiwe bei. Mgeni wa mjini hafiki kwenye duka hilo. Mtu wa Songea anayetaka kuagiza mzigo Dar es Salaam, ambaye hawezi kusimama mbele ya muuzaji na kusoma macho yake, ndiye anayeogopa kuliko wote. Na mtu huyo wa mbali ndiye hasa tovuti ilijengwa kumfikia. Wa jirani angekuja hata bila tovuti.

Swali la pili la mgeni ni mahali, na hapa kuna mazoea ya zamani yanayoshangaza yakitazamwa kwa karibu. Fungua ukurasa wa mawasiliano wa kampuni nyingi za Tanzania na Kenya: kinachotangulia ni S.L.P. Sanduku la posta ni mahali pa barua. Hakuna mteja anayeweza kulifuata akanunue tairi. Kule tunakoishi watu huelekezana kwa alama: mkabala na msikiti, nyuma ya stendi, ghorofa ya pili juu ya duka la dawa, shuka kituo fulani kisha vuka barabara. Ramani ya kwenye simu inasaidia, ila Kariakoo jengo moja lina maduka mengi na ramani humfikisha mteja mlangoni tu, kisha ikamwacha. Sentensi mbili za maelekezo, zilizoandikwa kama ambavyo karani wa duka huwaelekeza wanaopiga simu, zina thamani kuliko picha ya jengo. Saa nazo zina mtego wake. Tovuti iliyotafsiriwa haraka humwambia msomaji kwamba ofisi zinafunguliwa "saa 8:00 asubuhi". Kwa Kiswahili asubuhi haina saa nane. Mwingine atasahihisha kichwani na kufika saa mbili. Mwingine ataelewa saa nane ya mchana na kupoteza nusu siku yake. Na ikiwa duka la Mombasa au Unguja hufungwa Ijumaa mchana kwa ajili ya sala, au hubadili saa mwezi wa Ramadhani, hilo liandikwe, kwa sababu anayekuja kwa boti au basi hawezi kurudi baada ya nusu saa.

Kabla jibu halijasomwa lazima lifike, na kufika kunategemea uzito wa ukurasa. Ushahidi ninaoupenda kuliko mwingine wowote unatoka YouTube. Chris Zacharias, aliyewahi kuwa mhandisi wake, alisimulia mwaka 2012 jinsi alivyoupunguza ukurasa wa kutazamia video kutoka megabaiti 1.2 hadi kilobaiti 98, katika kazi iliyoitwa Feather. Walipoujaribu kwa watumiaji, wastani wa muda wa kufunguka uliongezeka badala ya kupungua. Ukurasa umekuwa mwepesi zaidi ya mara kumi, na takwimu zinasema umekuwa mzito. Jibu lilipatikana walipoangalia ramani: watu wa Afrika, Amerika Kusini, Asia ya Kusini Mashariki na maeneo ya ndani ya Siberia walikuwa wameanza kuutumia kwa wingi. Kwao ukurasa wa zamani ulichukua kama dakika 20 kufunguka, kwa hiyo hawakuwa wakifika kabisa. Mpya ulichukua kama dakika 2. Hizo dakika 2 zao ndizo zilizovuta wastani juu. Nawaomba wenye biashara walifikirie hilo wanapoangalia takwimu za tovuti zao na kuambiwa kwamba wageni wote wanaufungua ukurasa bila shida. Takwimu zinawahesabu walioingia. Aliyekata tamaa njiani hayumo.

Google nayo ilieleza mwaka 2016 kwamba asilimia 53 ya ziara za kwenye simu huachwa ukurasa ukichukua zaidi ya sekunde 3 kufunguka. Hata tukisema mtu wetu ana subira mara mbili ya hiyo, video inayojichezesha yenyewe nyuma ya jina la kampuni inamgharimu pesa taslimu. Bando hununuliwa kwa shilingi. Anayemfungulia mgeni picha ya megabaiti 4 iliyotoka kwenye kamera bila kupunguzwa amemtoza kiingilio bila kumwambia. Kupunguza picha ni kazi ya dakika chache kwa fundi yeyote. Hufanyika mara chache kwa sababu tovuti hukaguliwa ofisini, kwenye kompyuta iliyounganishwa na intaneti ya waya.

Hapo hujibiwa kwamba tovuti ni heshima. Kampuni kubwa haiwezi kuonekana kama tangazo la nguzoni, na picha zinazopishana juu ya ukurasa ndizo zinazoonyesha kwamba wewe ni wa kisasa. Hoja ya heshima naichukua kwa uzito. Mtu ananunua kwa anayemwamini, na tovuti chafu yenye makosa ya tahajia humtia shaka. Lakini picha zinazopishana hazifanyi kazi hiyo. Erik Runyon, aliyekuwa akisimamia tovuti katika Chuo Kikuu cha Notre Dame huko Marekani, alizipima mwaka 2013: takriban mgeni 1 kati ya 100 ndiye aliyezibofya, na zaidi ya mibofyo 8 katika kila 10 iliangukia picha ya kwanza. Picha ya tatu na ya nne, ambazo vikao vizima hukaa kuzibishania, zilikuwa kama hazipo. Heshima ya duka tunaijua inavyoonekana: limefagiwa, mzigo umepangwa, bei zimebandikwa, kuna mtu wa kukusikiliza. Kwenye tovuti heshima ni picha halisi za bidhaa zako mwenyewe, jina la biashara kama lilivyosajiliwa, na namba ya simu ambayo ikiguswa kwa kidole inapiga. Hilo la mwisho linasahaulika mno. Namba nyingi zimeandikwa ndani ya picha, hazinakiliki wala hazigusiki, na mgeni anatakiwa azikariri tarakimu kumi huku akihama kutoka dirisha moja hadi jingine.

Fomu ni kikwazo kingine, na kimepimwa kwa fedha. Jared Spool, mtaalamu wa Marekani, alisimulia mwaka 2009 habari za muuza bidhaa mkubwa wa mtandaoni aliyekuwa akiwalazimisha wateja kujisajili kabla ya kulipa. Walipoondoa sharti hilo na kuweka kitufe cha kuendelea, idadi ya walionunua ilipanda kwa asilimia 45, na mauzo ya mwaka wa kwanza yakaongezeka kwa dola milioni 300. Wateja wale walikuwa wameshachagua bidhaa na kushika pesa, kisha wakaombwa kitambulisho mlangoni. Kwetu utakuta fomu ya kuulizia chumba cha kulala wageni inayodai barua pepe, kazi, mkoa na mwaka wa kuzaliwa, wakati kinachohitajika ni jina, simu na tarehe ya kufika. Siku hizi hilo limekuwa pia suala la kisheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na ya Tanzania, ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Zote mbili zinataka anayekusanya taarifa za mtu achukue zile tu anazozihitaji. Malipo nayo yafuate mteja alipo. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 watu wamejifunza kulipa kwa simu, na ukurasa unaodai kadi ya benki peke yake umewafungia nje wengi walio tayari kulipa.

Juu ya lugha nitasema machache. Hoteli ya Nungwi inayopokea Waitaliano na Wajerumani ina haki ya kuanza na lugha za wageni wake; mgeni ndiye kipimo, na hapo kipimo kinasema hivyo. Lakini zahanati ya Morogoro, kampuni ya mabasi ya Arusha au muuza mbegu wa Mbeya ina wateja wanaouliza kwa Kiswahili, wanaopatana kwa Kiswahili na wanaolalamika kwa Kiswahili. Tovuti yake kuwa ya Kiingereza kitupu ni kumfanya mteja atafsiri kabla hajanunua. Hudhaniwa kuwa mwenye simu janja anajua Kiingereza cha kutosha. Cha kutosha kusoma menyu, pengine. Cha kuelewa masharti ya kurudishiwa nauli, au dawa ya kuua magugu inachanganywa kwa kipimo gani, ni jambo jingine, na kosa lake linaweza kuunguza shamba.

Pingamizi kubwa kuliko yote linasema kwamba tovuti yenyewe imepitwa na wakati: Instagram ipo, WhatsApp ipo, wateja wapo huko. Kwa mama anayeuza keki Tabata nakubaliana nalo kabisa. Asiingie gharama ambayo haimletei oda. Kwa biashara iliyokua kidogo, tofauti inaonekana. Ukurasa wa Instagram hupanga mambo kwa upya wake, kwa hiyo jibu ulilolitoa Januari liko chini ya picha mia moja ifikapo Juni, na mgeni anauliza tena. Tena Instagram ni nyumba ya kupanga. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja duniani kote kwa muda wa takriban saa 6, kuanzia jioni kwa saa zetu, na aliyekuwa na oda zake zote humo hakuwa na pa kuzitafuta. Uganda ilifungiwa Facebook Januari 2021. Tovuti ndogo ya kurasa tatu, yenye bei, mahali, saa na njia ya kulipa, haishindani na Instagram. Inabeba majibu ya kudumu ili mazungumzo ya WhatsApp yaanzie kwenye jambo lenyewe.

Gharama basi ipunguzwe kwa kununua kidogo na kununua vizuri. Jina la tovuti, lile linaloishia na .co.tz au .co.ke, lisajiliwe kwa jina la mwenye biashara, kwa kuwa likisajiliwa kwa jina la fundi, siku mkikosana anaondoka nalo pamoja na wateja wanaolifahamu. Katika makubaliano iandikwe kwamba karani wa duka ataweza kubadilisha bei mwenyewe, kwa simu, bila kumsubiri fundi. Bei iliyokufa ni mbaya kuliko bei iliyofichwa. Na kabla malipo ya mwisho hayajatolewa lifanyike jaribio. Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za tovuti, na watu 5 hawakosekani: shemeji, bodaboda wa kijiweni, mpangaji wa chumba cha pili. Wapewe simu ya kawaida yenye bando la kawaida. Waambiwe watafute bei ya kitanda cha 5 kwa 6 na njia ya kufika karakanani. Mwenye biashara akae pembeni na fundi wake, wote wawili wakiwa wamenyamaza, hata pale yule mtu anapopotea na kugeuka kuwauliza. Waangalie kidole chake tu, na waandike kila mahali kilipositasita.